Kiti Kati ya Jikoni na Choo

Kiti changu cha kazi kilikuwa kati ya mlango wa jikoni na mlango wa choo. Nalisema hili mwanzoni kwa ajili yenu mnaoanza sasa kupiga flamenco katika migahawa na karamu za Brussels, kwa sababu shule ya muziki haitawaambia. Huko watawafundisha vidole vya mkono wa kulia vifunguke kimoja kimoja kama inavyotakiwa. Hawatawafundisha kuvuta goti ndani mhudumu anapopita na sinia, wala uso wa kumwonyesha mtu anayetoka chooni akikutabasamia kana kwamba ulikuwa unampigia yeye.

Mimi shule yangu iliishia Bukavu, vita vilipofunga madarasa. Kwa hiyo mtavumilia maandishi yangu. Nimestaafu mwaka huu na nina muda.

Huko nyumbani nilipiga gitaa katika kwaya ya kanisa, na nilijiona fundi. Nilipofika hapa kama mkimbizi, nilipata kazi ya kusafisha ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman, asubuhi kabla wenye ofisi hawajafika. Tulipanga chumba Koekelberg, nyuma ya Basilika, mimi na mke wangu, Mama Faida. Chini yetu aliishi mzee mmoja aliyegongagonga kitu mchana kutwa. Mama Faida alikuwa anatunza wazee katika nyumba yao kwa zamu, na alihitaji kulala mchana. Aliamini yule mzee anashona viatu. Siku moja alinituma nikamwombe apumzike.

Nilimkuta mezani, peke yake, akigonga ubao kwa vifundo vya vidole. Hakukuwa na kiatu. Nilianza kuomba radhi kwa usumbufu, akanionyesha kiti na kusema kwa Kifaransa chake chenye Kihispania ndani, "Kaa. Gonga na mimi."

Nikagonga. Nilikuwa mtu wa kwaya, nina mdundo, kila Mbelgiji alishaniambia hivyo. Lakini kila nilipotua, mzee alikuwa bado hajafika, na nilipomngoja, alikuwa ameshapita. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Huyo ndiye Papa Anselmo, mwalimu wangu. Alitoka kusini mwa Hispania akiwa kijana kuja kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji, na makaa yakabaki kwenye mapafu yake. Baada ya migodi alibandika vigae mpaka magoti yakakataa. Gitaa alirithi kwa mjomba wake. Nilipomfahamu, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kujikunja, ndiyo maana aligonga meza.

Kwa miezi mingi hakunigusisha gitaa. Ni meza tu. Flamenco ya kizamani huzunguka kwa mapigo kumi na mawili, na uzito hauangukii pale sikio la mtu wa kwaya linapongojea. Nilifanya mazoezi kazini kwa mpini wa ufagio, kwenye korido, mpaka mlinzi akapanda ghorofani kuuliza kama bomba limepasuka. Nilimwambia hapana, ni mimi. Akaandika kitu kwenye simu yake na kushuka.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa kuwa kila mpiga gitaa anaamini vyake tu. Gitaa lenyewe liwe jepesi, na liwe na kile kipande cha plastiki usoni, kwa sababu utaligonga. Kucha za mkono wa kulia ndizo zana yenu halisi. Dawa ya kusafishia vyoo inakula kucha kuliko miaka. Nilivaa glavu mbili mbili, na kila jioni nilipaka gundi ile ya kubandikia vyungu vilivyovunjika. Mzee mmoja wa kanisa aliziona kucha zangu nikipokea meza ya Bwana, akamvuta Mama Faida pembeni kumuuliza kama mume wake yuko sawa.

Mama Faida akamjibu mbele ya watu, "Kucha murefu ni ya gitaa, papa. Na ulimi murefu, yo ni ya nini?"

Hakuulizwa tena.

Kazi ilianza kwa karamu za Kwartiye ya Ulaya, mtaa ule ule wa Schuman. Watu wanasimama, wana glasi mkononi, wanaongea lugha zote kwa pamoja, na wewe uko kwenye kona kama jokofu: wanakugundua ukinyamaza tu. Waliokuja karibu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walishangaa kwamba Mwafrika anapiga flamenco. Wa pili hawakushangaa hata kidogo, walisema bila shaka, mdundo uko kwenye damu yangu. Nilipompelekea Papa Anselmo habari hizo za damu, alisema damu inafaa kwa soseji. Siku moja bwana mmoja Mtanzania, mtu mpole wa ubalozini, aliinama karibu na sikio langu. "Mzee wangu, samahani," alisema. "Hii kitu ni very nice, kweli kabisa. Ila hakuna something tunayoijua?" Nikamwambia hii nayo anaijua, ni huzuni tu, imevaa nguo za watu wengine. Akacheka kwa adabu, akaenda kutafuta samaki.

Kisha nikapata mgahawa, na huo ndio uliokuwa kazi yangu mpaka mwisho. Ulikuwa kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mwenyewe nitamwita Monsieur Luc. Alikuwa amekwenda likizo Hispania mara mbili na akarudi na kichwa cha fahali cha plastiki. Mpishi alikuwa Mreno, wahudumu walitoka kila mahali, na mimi nilifungwa mshipi mwekundu kiunoni. Mteja akiuliza ninatoka wapi, Monsieur Luc alimjibu Kuba. Nilimuuliza kwa nini Kuba. Alisema, bon, Kuba iko katikati. Katikati ya nini, sikuuliza. Nilikuwa nahitaji kazi, na Kuba haijanikosea kitu.

Lazima niwaeleze utaratibu wa pale, kwa kuwa ndio uliozaa yote. Jumapili mchana ndiyo siku kubwa, na kila Jumapili yupo mtu anayesherehekea kuzaliwa kwake. Monsieur Luc aliwafundisha wahudumu kwamba makofi ndiyo ishara. Mpiga gitaa akimaliza, watu wakipiga makofi, mlango wa jikoni unafunguka, keki inatoka ikiwa na fataki inayowaka juu, na kila mtu anaimba. Ni akili nzuri ya biashara, sina ubishi. Kwa vipande vya furaha ilifanya kazi vizuri kabisa. Kwa soleá ilikuwa kama kufunga mlango kwenye vidole vya mtu.

Soleá ni wimbo wa upweke. Ndio mama wa nyimbo zote hizi, na unakwenda polepole. Ile ya Papa Anselmo, ya mjomba wake, ina mahali ambapo mkono unasimama kabisa. Hujamaliza. Unangoja, kama mtu anayezungumza juu ya marehemu akafika kwenye jina lake, kisha unaendelea. Ukimya huo uko mara kadhaa, na kila mmoja ni mrefu kuliko uliotangulia. Sasa mpigie mteja aliyekula biringani na kunywa divai nusu chupa. Mkono unasimama, yeye anaona adabu inamdai, anapiga makofi. Makofi, mlango, keki, fataki, wimbo. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti, soleá haikuwahi kuvuka ukimya wake wa kwanza. Ukitaka kujua hadhira ya kawaida ni nini, ndiyo hiyo: ni watu wema wanaokupongeza ili unyamaze.

Nilimweleza Papa Anselmo, na mwanzoni alicheka. Baadaye, alipoanza kutembea na mtungi wa hewa kwenye kigari, aliacha kucheka. Siku moja aliniambia jambo analolitaka. Alitaka kuisikia soleá ya mjomba wake ikifika mwisho mbele ya watu. Nikamwambia ninampigia kila wiki, hapa hapa, mpaka mwisho.

"Hapa ni mazoezi, Sakaría," alisema. Ndivyo alivyolitamka jina langu, Zakaria. "Mbele ya watu ndiyo inakuwa soleá. Watu ambao hawakuja kwa ajili yako. Mimi sikuweza. Kambini kwa wachimbaji walikuwa wanarusha mikate."

Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba majira ya baridi yale hatayaona yakiisha. Alinipa habari hiyo kama mtu anayekuambia tramu imebadilisha njia.

Nilimwomba Monsieur Luc Jumapili moja tu, wimbo mmoja tu, bila keki. Hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wanakuja kufurahi, hawezi kuwaamuru wateja wanyamaze, wangekwenda kula kwa jirani Mwitaliano. Lakini wao wenyewe wakinyamaza, yeye hatafungua mlango. Nikaona amenipa nusu ya nilichoomba, na nusu nyingine ninaweza kuipata kwa mkono wangu.

Nikamleta Papa Anselmo. Nilimweka meza iliyo karibu nami, na mtungi wake chini ya kitambaa. Nilipiga vile ambavyo sijawahi kupiga, na mkono ukasimama kwenye ukimya wa kwanza. Bibi mmoja mwenye shali ya manjano alisema bravo. Mlango ukafunguka. Meza ya watu kumi na wawili ikaimba kwa ajili ya mtu anayeitwa Jean-Pierre. Papa Anselmo alikula kroketi zake zote, akafuta mdomo, akaniomba nimwitie teksi.

Nyumbani nilimsimulia Mama Faida. Yeye soleá aliijua kwa kuisikia ukutani na sakafuni, hakuwahi kuniuliza jina lake. Aliuliza jambo moja tu, kama wale wazungu walikuwa wamekaa au wamesimama. Nikasema wamekaa, wanakula. Akasema sawa, akaendelea kukunja nguo.

Jumapili iliyofuata nilimleta mzee tena, kwa ubishi wake mwenyewe. Alikuwa na rangi ya majivu na alipumzika kila baada ya meza mbili. Ndipo nilipomwona Mama Faida akiingia na mama wenzake wa kikundi cha sala, wote wameshona kitenge kimoja, kile cha sikukuu, na vilemba vilivyogusa taa. Walichukua meza ya katikati. Monsieur Luc alifurahi sana, akasema hii ndiyo Kuba. Mama Sifa, rafiki wa mke wangu, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, alipita kwangu kwenda chooni na kuninong'oneza, "Papa Zakaria, weye piga tu. Bile bingine ni ya ba mama." Yaani mengine niwaachie wao.

Chakula kilipofika mezani, Mama Faida alisimama, wenzake wakamfuata. Akagonga glasi kwa kijiko. Alisema kwa Kifaransa, taratibu, kama anavyosema na wazee wake kazini: "Mesdames, messieurs, kwetu hatuli bila kushukuru. Tunaomba dakika."

Sikilizeni, ninyi vijana, kwa sababu hili hamtalisoma mahali. Mbelgiji wa Ixelles hamwogopi Mungu. Anachoogopa ni kuonekana haheshimu utamaduni wa mtu. Angesimama padre wa hapa na kusema maneno yale yale, wangemzomea. Waliposimama mama wa Kivu wenye kitenge kimoja, uma zilishuka zote. Bibi wa shali ya manjano alifumba macho kabla ya kuombwa. Bwana mmoja mwenye beji ya ofisi za Schuman, ambayo watu wale huivaa hata Jumapili, alisimama na kuweka mkono kifuani.

Mama Faida akaomba, kwa Kiswahili sasa. Ninyi hamkumjua, kwa hiyo hamjui urefu. Alimwombea mpishi na mama yake mpishi. Aliwaombea wahudumu, kila mmoja na nchi yake, na pale asipoijua nchi alisema Bwana anaijua. Alimwombea mfalme. Aliwaombea wanaotafuta mahali pa kuegesha gari. Alimwombea Monsieur Luc, kwamba Mungu amfungue macho na amfunge milango fulani, na Monsieur Luc, aliyesikia jina lake tu, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mama wengine walijibu kwa kuguna, kama tunavyoguna. Mchuzi ulianza kuganda kwenye sahani. Nilimwona Jean-Pierre wa siku hiyo, maana kila Jumapili ina wake, akiitazama nyama yake kwa huzuni ya kweli.

Kisha akanyamaza. Hakusema amina. Alikaa taratibu, macho yamefumbwa, mikono imefunguka juu ya meza, na wenzake wote vivyo hivyo. Akafumbua jicho moja na kunitazama.

Nikaanza.

Hakuna aliyesogea. Wangesogeaje? Hawakujua kama sala imekwisha. Huenda gitaa ni sehemu ya sala, huenda ndivyo inavyofanyika huko, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosea. Mkono wangu ulifika kwenye ukimya wa kwanza na kusimama. Nilisikia mtungi wa Papa Anselmo ukipumua. Nilisikia jokofu la vinywaji. Bibi wa shali ya manjano aliinua mikono, akaitazama meza ya mama, akairudisha mapajani. Nikavuka.

Upande wa pili sikuwa naujua mbele ya watu. Ni kama kuingia chumba cha nyumba yako mwenyewe ambacho hakijawahi kufunguliwa. Ukimya wa pili ulikuwa mrefu zaidi, na mama mmoja aliguna ndani yake, chini chini, kama wanavyoguna kwenye kilio mtu anapolitaja jina la marehemu. Papa Anselmo aligeuka kumtazama. Baadaye aliniambia kwamba kwao kijijini walikuwapo wazee waliojua kuguna mahali pale pale, na hakujua kama bado kuna mtu duniani anayejua. Kwenye ukimya wa tatu mlango wa jikoni ulifunguka nusu kwa mazoea. Nilimwona mhudumu amesimama na keki, fataki inateketea mikononi mwake bila mwenyewe, mpaka ikazimika.

Nilipopiga pigo la mwisho, Mama Faida alisema, "Amina."

Mgahawa mzima ukasema amina. Yule bwana wa beji alisema mara mbili. Kisha wakaanza kula kwa haraka ya watu walionusurika, na hakuna hata mmoja aliyepiga makofi, kwa sababu sala haipigiwi makofi. Sijui kama waliisikia soleá. Nadhani waliuchunga ukimya wao tu, wasikosee. Nimepiga mbele ya watu waliolipa kunisikiliza, wakaisikiliza vibaya kuliko hao.

Nilimwinamia Papa Anselmo. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alichukua muda kupata hewa.

"Mwishoni umekimbia," alisema.

"Chakula cha watu kilikuwa kinapoa."

"Chakula kilichopoa hakijaua mtu." Akamgeukia Mama Faida, akamuuliza kwa Kifaransa kama kwao sala zote ni ndefu namna ile.

Mama Faida akasema, "Non, papa. Ile ilikuwa kafupi. Tulikuwa na njaa."

Huyo ndiye mtu pekee niliyemwona akimchekesha Papa Anselmo bila kikohozi kufuata. Mzee alikufa kabla ya theluji. Aliniachia gitaa la mjomba, na meza. Meza ndiyo ninayoandikia. Ina mabonde mawili pale vifundo vyake vilipokuwa vinatua.

Monsieur Luc aliniuliza kama mama wale wangependa kuja kila Jumapili, kwa bei nafuu, wafanye ule utamaduni wao. Wateja walikuwa wameupenda. Nilimwambia nitauliza. Sikuuliza. Niliendelea na kiti changu, fataki zikarudi, na soleá ikarudi kufia kwenye ukimya wake wa kwanza, kila ilipobidi. Mkifanya kazi hii mtazoea. Nasema mtazoea, sisemi mtapenda.

Watu husema nimestaafu kwa sababu ya vidole. Vidole ni vizima. Mwaka jana Mama Faida alilala mchana baada ya zamu, kama kawaida yake, na hakuamka.

Kilio kilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Koekelberg. Watu walijaa mpaka ngazini. Mchungaji aliniomba nipige kitu kabla ya chakula, na sikuwa na kitu kingine. Nilipiga ile. Ukimya wa kwanza watu walinyamaza, wa pili wakaguna mahali pake, wa tatu sikusikia hata mtoto. Hakuna aliyehitaji kuombwa. Nilipiga pigo la mwisho, sikukimbia, nikaweka kiganja juu ya nyuzi na kungoja.

Tulingoja wote. Nilichelewa kuelewa tunachongoja. Mama Sifa alisogea karibu, na sauti yake ile ya tarumbeta akaifanya ndogo.

"Papa Zakaria. Ile amina, sema weye sasa."

Sikusema. Niliweka gitaa kwenye sanduku, nikaenda kuwasaidia mama kugawa chakula, maana kilikuwa kinapoa.